UDONGO UNA MAJINA: UULIZE KABLA YA KUCHIMBA

Ndugu wafanyakazi, katika ukurasa huu tumesema mara nyingi juu ya kofia, viatu vya kazi, kamba na taa. Leo twasema juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anakikanyaga tangu asubuhi mpaka jioni bila kukiuliza jina lake. Kitu hicho ni udongo.

Kule mgodini hatuchimbi ovyo. Kapita anatazama ukuta, anatazama nyufa, anatazama maji, ndipo anatoa ruhusa. Lakini siku ya mapumziko, mfanyakazi yuleyule anarudi kwake Goma, anachukua sululu na beleshi, anawaita vijana wawili wa jirani, na jioni wamekwisha kushuka mita 3 katika shimo la choo. Hakuna mbao za kuzuia kuta, hakuna ngazi, na udongo waliotoa wameurundika palepale ukingoni. Akiulizwa anajibu: “Hili ni shimo la nyumbani tu.”

Udongo haujui tofauti ya nyumbani na kazini. Mita moja ya mraba kwa kina cha mita moja ina udongo wa tani 1.5 mpaka 2. Ni uzito wa gari dogo, na zaidi. Mtu akifukiwa mpaka kifuani tu, hata kama kichwa kiko nje, anaweza kufa. Kila akitoa pumzi, udongo unajaza nafasi iliyoachwa na kifua, na pumzi inayofuata haipati mahali pa kuingia. Wenzake wana dakika chache tu, na mara nyingi hawatoshi kumtoa.

Kwa hiyo yafaa kila jamaa ijue mambo mawili: udongo huu umefanywa na nini, na leo hii utasimama namna gani.

Kituku na jirani zake

Tuchukue mfano wa Kituku, upande wa magharibi wa mji wa Goma, kando ya ziwa Kivu. Wengi wetu twapajua. Ndipo maboti yanapofika na maharagwe, mihogo na makaa kutoka Minova na kwingineko. Jina la Kituku lilisikika mbali sana tarehe 3 Oktoba 2024, wakati boti iliyotoka Minova ilipozama karibu kabisa na kufika bandarini, na watu wengi wakapoteza maisha. Siku hiyo maji yalitufundisha kwa uchungu. Leo tusikilize nchi kavu, maana nayo ina mafundisho yake.

Mtu akitembea kutoka ufukoni kupanda mjini, au akifuata njia ya kwenda Sake, hakanyagi udongo wa namna moja. Mahali pamoja ni lava iliyoganda, ngumu kama chuma. Mbele kidogo ni vipande vyeusi vyepesi vyenye matundu, pamoja na majivu ya volkano. Karibu na maji ni mchanga na tope, na pengine takataka ambazo watu wamejaza ili kupata kiwanja. Kila moja ya hizo inadai msingi wake, shimo lake na tahadhari yake. Jirani yako akijenga salama, hiyo si hakikisho kwako. Hatua 50 tu zaweza kubadili kila kitu.

Nchi yenyewe ya Goma bado inaendelea kutengenezwa. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava mwaka 1977, tena tarehe 17 Januari 2002 lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, tena tarehe 22 Mei 2021 ikaja mpaka ukingoni mwa mji. Baada ya ile ya 2021, matetemeko yalipasua ardhi na nyumba, Goma na hata Gisenyi ng'ambo ya mpaka. Juu ya lava ya 2002 watu wamekwisha kujenga tena. Wamefanya kwa ushujaa, lakini ushujaa wataka akili pia: lava huganda juu kwanza, na chini yake mahali pengine panabaki pango. Tena mahali pengi jiwe zito limelala juu ya tabaka la vipande vilivyolegea. Fundi akigonga juu akasikia ugumu, asiseme amemaliza kazi.

Herufi za wahandisi

Wahandisi wa dunia nzima waliona zamani kwamba neno “udongo” halitoshi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mkemia mmoja wa Uswidi, Albert Atterberg, alichunguza ufinyanzi. Mwaka 1911 alionyesha kwamba ufinyanzi hubadilika kwa kadiri ya maji: una kiasi cha maji ambapo unaanza kufinyangika bila kuvunjika, na kiasi kingine ambapo unaanza kutiririka kama uji. Baadaye Arthur Casagrande, mtu wa Austria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, alitengeneza chombo cha kupimia mipaka hiyo. Wakati wa vita vya pili vya dunia, mwaka 1942, alitunga utaratibu wa kuainisha udongo kwa ajili ya viwanja vya ndege vya jeshi. Kutoka hapo ukatokea utaratibu unaotumika hata leo katika barabara, majengo na migodi.

Utaratibu huo si mgumu kama wengi wanavyodhani. Chembe za udongo hupitishwa katika chekecheke. Zilizo kubwa kuliko milimita 4.75 ni changarawe, herufi yake G. Kutoka hapo mpaka milimita 0.075 ni mchanga, herufi S. Zilizo ndogo kuliko hizo jicho haliwezi kuzibagua moja moja. Nazo ni za namna mbili: ile tope laini kama unga, isiyonata sana, herufi M, ambayo imetoka katika neno la Kiswidi, na ufinyanzi wenyewe, herufi C. Udongo wenye mabaki mengi ya majani na miti iliyooza hupewa herufi O.

Kisha huongezwa herufi ya pili. Kwa changarawe na mchanga huulizwa: je, chembe zimechanganyika, kubwa na ndogo, au zote ni za kipimo kimoja? Mama wa sokoni Kituku analijua jambo hili bila kwenda shule. Gunia la maharagwe matupu lina nafasi tupu ndani yake. Ukimimina unga, unajaza zile nafasi na gunia linakuwa zito na gumu. Changarawe iliyochanganyika vizuri ni kama gunia hilo: inashindiliwa, inabeba nyumba na lori. Changarawe ya kipimo kimoja inateleza kama maharagwe.

Kwa tope na ufinyanzi huulizwa: yahitaji maji kiasi gani ili yatiririke? Ikiwa maji yanafika nusu ya uzito wa udongo mkavu au zaidi, udongo huo huandikwa H. Huvimba na kusinyaa, nao hupasua kuta. Ukitiririka kabla ya hapo, huandikwa L.

Watu wa barabara wana utaratibu wao mwingine, kuanzia A-1 mpaka A-7. A-1 ni changarawe na mchanga mzuri wa kuweka chini ya njia. A-7 ni ufinyanzi, ule unaomeza magurudumu ya lori wakati wa mvua.

Neno moja kwa Kivu yetu. Udongo uliotokana na majivu ya volkano ni mdanganyifu. Chembe zake hushika maji mengi ndani, na ukikaushwa kabisa hugeuka, haurudi tena kuwa kama ulivyokuwa. Ndiyo maana mafundi wa maabara huonywa wasiukaushe kabla ya kuupima. Ukipimwa mkavu utaonekana kuwa mwema kuliko ulivyo pale kilimani, ambapo umejaa maji.

Vipimo vya mkono

Si kila mtu ana maabara, lakini kila mtu ana mikono. Chukua udongo kutoka chini, pale utakapojenga au kuchimba, wala si ule wa juu uliokanyagwa. Ufanye hivi:

1. Uzi. Lowesha kidogo, kanda, kisha viringisha katika viganja mpaka upate uzi mwembamba wa milimita 3. Ukishika uzi wa sentimita 5 kwa ncha moja usikatike, pana ufinyanzi. Ukivunjikavunjika, ni tope au mchanga.

2. Kutikisa. Weka donge la majimaji katika kiganja, ligonge kwa mkono wa pili. Maji yakitokea juu yakang'aa, na ukilibana yakapotea, hiyo ni tope, ile M. Ufinyanzi hauonyeshi hivyo. Jihadhari na tope hii: ukuta wake husimama kama unga wa mihogo uliolowa, kisha huanguka mara moja bila kuaga.

3. Donge kavu. Acha donge likauke juani. Likimomonyoka kwa kidole kuwa vumbi, halina nguvu ya kushikamana. Likikataa kuvunjika, ni ufinyanzi.

4. Chupa. Jaza udongo theluthi moja ya chupa inayoonyesha ndani, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, iache. Mchanga utatua kwa dakika moja hivi, tope baada ya saa kadhaa, na ufinyanzi utafanya maji yabaki machafu mpaka kesho. Tazama matabaka, utaona kipi kimezidi. Ila vipande vyepesi vya volkano vyenye matundu vinaweza kukawia, usihukumu kwa chupa peke yake.

5. Kidole gumba. Chukua bonge lililotoka shimoni sasa hivi. Kidole kikiacha alama tu, na kuingia kwa shida kubwa sana, udongo una nguvu. Kikizama kwa urahisi, huo ni udongo dhaifu kabisa.

Watoto wakubwa waweza kufanya vipimo hivi pamoja na wazazi. Ni somo zuri, halina gharama.

Ukuta wa shimo utasimama?

Jina la udongo ni jambo la kwanza. La pili ni hali yake ya leo. Marekani iliweka mwaka 1989 sheria ya mashimo na mitaro, na madaraja yake yanafaa kukumbukwa hata na sisi. Mbali na mwamba mzima usio na nyufa, udongo umegawanywa mara tatu.

Daraja A ni ufinyanzi mgumu usiopasuka. Daraja B ni ule wa katikati. Daraja C ni mchanga, changarawe iliyolegea, na udongo wowote ambao maji yanatoka ndani yake. Udongo wenye nyufa, au unaotikiswa na malori na mashine, au uliokwisha kuchimbwa na kurudishwa, hauwezi kuitwa A hata ukiwa mgumu namna gani. Viwanja vya kujaza vya ufukoni ni vya namna hiyo.

Ukitaka kuchimba bila mbao, kuta lazima zilazwe. Kwa kila mita moja ya kina, daraja A hulazwa sentimita 75 kila upande, daraja B mita 1, daraja C mita 1 na nusu. Basi tufanye hesabu. Shimo la mita 2 katika mchanga mweusi wa volkano lataka mita 3 kila upande, yaani mita 6 juu ya upana wa chini. Kiwanja cha wengi wetu hakina nafasi hiyo. Jibu ni moja: mbao nzito zinazobanwa kwa miti ya katikati, na zinawekwa kadiri shimo linavyoshuka, si baada ya kumaliza. Mbao chache ni nafuu kuliko matanga.

Sheria hiyo yasema pia: shimo likifika mita 1.5, kinga ni lazima isipokuwa katika mwamba mzima. Hata kabla ya hapo, mtu mwenye ujuzi akiona dalili ya kuanguka, kinga iwekwe. Udongo uliotolewa uwe mbali na ukingo kwa sentimita 60 au zaidi. Mtaro ukifika mita 1.2, ngazi iwe ndani. Shimo likaguliwe kila siku kabla ya kazi, na tena baada ya kila mvua. Likipita mita 6, aitwe mhandisi.

Jambo la kushika moyoni ni hili: mvua inashusha daraja. Udongo uliokuwa A mwezi wa nane, katika kiangazi, waweza kuwa C mwezi wa kumi na moja. Ukuta ni uleule, mchimbaji ni yuleyule, lakini jina limebadilika.

Shimo lenye hewa ya kuua

Hapa kwetu kuna hatari ambayo herufi za Casagrande hazikuiandika. Kutoka ufuko wa magharibi wa Goma kuelekea Sake, hewa ya kaboni inatoka chini ya ardhi kwenye nyufa za volkano. Wenyeji wanaiita mazuku, na wataalamu wa volkano wa dunia nzima wamelichukua neno hilo kutoka vinywani mwetu. Hewa hiyo ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida. Hailipuki, haina rangi, wala haina harufu ya kukuonya. Inatambaa na kulala katika mabonde, mashimo, visima na vyumba vya chini, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujavuma. Watoto na mifugo hupatwa kwanza, kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi.

Basi kabla ya kuchimba katika mitaa hiyo, waulize wazee wa mahali. Tazama kama majani yamekauka peke yake katika bonde dogo, au kama kuna wadudu na ndege waliokufa. Usishuke shimoni asubuhi mapema baada ya shimo kulala wazi. Moto wa mshumaa ukizimika, toka. Lakini mshumaa ukiwaka si ushahidi kwamba pana usalama, tena mgodini moto wa wazi ni marufuku kabisa. Chombo cha kupimia hewa ndicho cha kuaminiwa.

Na mwenzako akianguka shimoni bila sababu, usiruke kumfuata. Katika ajali za namna hii mwokoaji wa kwanza mara nyingi ndiye maiti wa pili. Ndiyo sababu mtu anayeshuka afungwe kamba mapema, na wenzake wawili wabaki juu ili wamvute.

Mwamba na kipindupindu

Mama wa nyumbani aweza kuuliza: udongo wahusu nini afya ya watoto wangu? Wahusu sana. Mwezi wa Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache. Walikaa juu ya lava. Mwamba ule haukuchimbika kwa majembe, na vyoo havikupatikana upesi. Kipindupindu na kuhara damu vikaenea. Katika mwezi wa kwanza watu karibu 50,000 walikufa. Mwamba huohuo ulikataa hata makaburi.

Hali ya ardhi haijabadilika. Penye lava, uchafu wa choo hauchujwi kama penye udongo mzito. Unapita katika nyufa bila kusafishwa. Kwa hiyo maji yanayochotwa ziwani, hata yakionekana meupe, yatiwe dawa au yachemshwe. Pasipochimbika, choo kijengwe kwa kuinuliwa juu, kwa ukuta mzima wa mawe na simenti, tena mbali na mahali pa kuchota maji.

Mvua na vilima

Wenzetu wa milimani wana udongo mwekundu mzito, uliotokana na mwamba uliooza kwa miaka mingi. Huko Bukavu, mtaa wa Funu unajulikana kwa ardhi inayotembea. Tarehe 4 Mei 2023, wilayani Kalehe, mvua kubwa ilishusha maji, matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 walikufa. Mashimo nayo hayakusalimika: tarehe 11 Septemba 2020, mvua ilifurisha machimbo ya dhahabu ya Kamituga, na watu wapatao 50 waliripotiwa kufia ndani.

Udongo wenye maji una uzito zaidi na nguvu kidogo. Maneno hayo machache yaeleza misiba mingi. Ukiona ufa mpya juu ya mteremko, miti iliyoanza kuinama, au chemchemi mahali palipokuwa pakavu, toa taarifa na uhamishe jamaa yako siku hiyohiyo. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya mporomoko ni ufa.

Tukumbuke

– Usichimbe kabla ya kuujua udongo kwa mkono na kwa macho.
– Udongo wa kujaza, wenye nyufa au wenye maji usiuamini.
– Mita 1.5 bila mbao wala mteremko ni kaburi lililo wazi.
– Udongo uliotolewa uwe mbali na ukingo, ngazi iwe ndani, na mtu awe juu.
– Baada ya mvua, kagua upya. Jina la jana si la leo.
– Penye mazuku, hewa ipimwe kwanza.
– Shimo lililoachwa lifunikwe. Watoto wanacheza popote.

Ndugu mfanyakazi, ujuzi ulioupata mgodini usiuache getini pamoja na kofia. Upeleke nyumbani, umfundishe kijana unayemlipa akuchimbie choo, maana naye ana mama anayemngoja jioni.